SOMO LA TAWI: MTOTO APENDAYE KUSOMA

Ndugu wafanyakazi,

Huenda mtauliza: chama cha wafanyakazi kina haja gani na vitabu vya watoto? Nitajibu kwa jambo nililoliona mwenyewe.

Mwenzetu mmoja, mkata miwa, aliumia mkono kazini. Akaletewa karatasi atie sahihi. Ndugu huyu alimaliza darasa la saba na mtihani alifaulu. Lakini tangu siku ya mtihani hakugusa kitabu tena. Aliona aibu kuomba muda wa kuisoma pole pole, akatia sahihi. Karatasi ilisema amekwisha kulipwa fidia yake yote. Tulipigania jambo hilo mwaka mzima, na alichopata kilikuwa pungufu ya haki yake.

Ndugu huyu alifundishwa kusoma, lakini hakufundishwa kupenda kusoma. Hilo ndilo somo letu la leo.

KWA NINI WATOTO WETU HAWAPENDI KUSOMA

Hapa Uganda shule za msingi zilifunguliwa bila karo mwaka 1997, na madarasa yakajaa. Watoto kadhaa hugombania kitabu kimoja. Tangu mwaka 2007 madarasa matatu ya kwanza hufundishwa kwa lugha ya mahali, kisha Kiingereza hushika nafasi. Lakini kambini kwetu kuna watu wa kila kabila, na lugha ya mahali mara nyingi si lugha ya nyumbani. Mtoto husoma kwa sauti maneno asiyoyaelewa, akikosea huchapwa. Kwake kitabu ni kiboko na mtihani. Mtihani ukiisha, kitabu nacho kimekwisha.

WALIYOJIFUNZA JIRANI ZETU

Mwaka 1967 katika Tanzania, watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni kubwa ikafuata. Kufika mwaka 1986, kwa hesabu za serikali, walibaki kama 10 katika kila 100. Lakini viongozi wa kampeni waliona mapema kwamba aliyejua kusoma leo husahau kesho akikosa cha kusoma. Kwa hiyo walianzisha maktaba za vijiji na magazeti ya vijijini. Mojawapo, la Mwanza, lilianza mwaka 1974 na jina lake lilikuwa Elimu Haina Mwisho.

Kusoma ni kama panga: lisipotumika hushika kutu.

LA KUFANYA NYUMBANI

1. Kila jioni mtoto akusomee dakika kumi. Hata kama wewe hujui kusoma, keti usikilize. Uliza: "Halafu ikawaje?" Mtoto akiona baba au mama anangojea hadithi, atataka kuimaliza.

2. Akikwama, mngojee. Usimcheke wala usimpige.

3. Hamna kitabu? Bibi asimulie hadithi ya sungura kwa lugha yake, mtoto aiandike katika daftari, kisha awasomee wadogo zake. Hicho ni kitabu, tena anakielewa chote.

4. Mtoto wa kike naye apewe nafasi. Kama yeye ndiye wa kuchota maji na kuosha vyombo mpaka giza, atasoma saa ngapi? Kaka yake naye ashike ndoo.

5. Watoto wakuone nawe unasoma, hata kama ni kipande cha gazeti kilichofungia chumvi.

LA KUFANYA TAWINI

Tawi lianze na sanduku la vitabu. Msidharau mwanzo mdogo. Maktaba ya Kitengesa, karibu na Masaka, ilianza mwaka 1999 ikiwa sanduku tu. Jengo lake lilipatikana mwaka 2002. Siku hizi kuna pia hadithi za watoto zinazotolewa bure na mradi wa African Storybook, kwa Kiswahili, Kiganda na lugha nyingine nyingi. Mwenye simu azichukue, tawi lilipie kuzichapa. Mjumbe mmoja ashike daftari la kuazimia. Kitabu kikichakaa kwa kusomwa, msinung'unike. Hasara ni kitabu kipya kilichofungiwa kabatini.

Na tuseme ukweli: mzazi anayerudi usiku akiwa hoi hawezi kumsikiliza mtoto. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inaweka saa 48 za kazi kwa wiki. Tunapodai saa hizo ziheshimiwe, tunadai pia zile dakika kumi za jioni.

MASWALI YA KUJADILI

1. Nyumbani kwako kuna nini cha kusoma, mbali na daftari za shule?
2. Ni lini mara ya mwisho mtoto wako alikusomea jambo lisilo la mtihani?
3. Nani katika tawi letu atashika sanduku, na liwekwe wapi ili watoto wafike bila woga?

Majibu yaletwe katika mkutano wa tawi ujao. Mtoto anayesoma leo kwa furaha, kesho hatatia sahihi karatasi asiyoisoma.

Wenu katika umoja,
Mwandalizi wa Matawi