Dondoo muhimu: Kwa basi hadi Arua na Koboko

Kutoka Kampala hadi Arua ni karibu kilomita 500, basi jipange mapema.

1. Kata tiketi ofisini, si kwa mpiga debe.
2. Ukikaribia Karuma funga dirisha. Nyani hunyakua ndizi mkononi. Usiwatupie chakula.
3. Unashuka Kuluva? Mkumbushe kondakta mapema: hospitali iko kama kilomita 11 kabla ya Arua.
4. Patana nauli na bodaboda kabla hujapanda, na udai helmeti.
5. Usibadilishe pesa barabarani. Nenda benki au duka lenye leseni.
6. Usivuke mpaka wa Oraba au Vurra "kuchungulia tu" bila pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.
7. Lala ndani ya chandarua. Malaria haina msimu huku.