Mtoto Aliyeasiliwa Naye Hulia

Mtu akiasili mtoto, jamii humpongeza. Amehojiwa, nyumba yake imekaguliwa, mahakama imeridhia. Pongezi hizo ni za haki, maana wengi hulea kwa upendo wa kweli. Lakini nyumba ikiwa na ukatili, sifa hizohizo humziba mdomo mtoto: kila anayesikia kilio chake huanza kwa kumwamini mzazi.

Yaliyotokea Marekani

Wenzi wawili waliasili watoto 6 kutoka jimbo la Texas. Mwaka 2010, wakiishi Minnesota, binti yao wa miaka 6 alimwonyesha mwalimu michubuko tumboni na mgongoni. Mzazi mmoja alikiri kosa mahakamani mwaka 2011, hakufungwa. Muda mfupi baadaye watoto wote waliondolewa shuleni, wakawa wanasomeshwa nyumbani. Hakuna aliyewazuia wazazi. Hivyo mwalimu, yule mtu mzima aliyekuwa akiwaona kila siku, akatoweka katika maisha yao.

Familia ikahamia Oregon. Mwaka 2013 kuna watu waliotoa taarifa kuwa watoto wananyimwa chakula. Ofisa wa Minnesota aliwatahadharisha wenzake wa Oregon kwamba wazazi hawa wanaonekana watu wa kawaida na wanajua la kusema. Watoto walipohojiwa hawakufichua kitu. Watano kati yao walikuwa wadogo mno kwa umri wao, lakini wazazi wakalieleza hilo kwa maisha ya watoto kabla ya kuasiliwa. Jalada likafungwa bila uamuzi.

Machi 2018, familia ikiwa imehamia jimbo la Washington, mvulana wao mmoja alikuwa akienda kwa jirani mara kwa mara kuomba chakula. Tarehe 23 jirani aliripoti. Maofisa walibisha hodi siku hiyohiyo, hawakufunguliwa. Tarehe 26 gari la familia lilikutwa chini ya jabali pwani ya California. Mwaka 2019 jopo la uchunguzi liliamua kuwa wazazi waliwaua watoto hao kwa makusudi na kujiua.

Tunachokiona

Majimbo matatu yalipokea taarifa, tena Oregon ilitahadharishwa, na bado watoto hawakuokolewa. Hilo ndilo linalotuumiza zaidi. Maneno kama “huyu ametoka kwenye shida, ndiyo tabia yake” yanapokubaliwa bila kupimwa, njaa huitwa tabia na hofu huitwa utundu. Mtoto naye hunyamaza kwa sababu anayo: aliwahi kuondolewa kwao, anaogopa kuondolewa tena na kutenganishwa na ndugu zake.

Kwa hiyo, ofisa unayechunguza, zungumza na mtoto faraghani, mzazi asiwepo hata chumba cha pili, tena zaidi ya mara moja. Uliza familia ilikotoka na uombe jalada la huko. Mtoto akiachishwa shule mara baada ya malalamiko, ichukulie kuwa dalili ya hatari.

Nawe jirani, usingoje ushahidi wa mahakamani. Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kuwa haki za mtoto zinavunjwa aripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii, au kwenye dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, au piga 116 bila malipo. Namba hiyo inatumika Kenya pia. Eleza ulichoona kwa macho yako: siku gani, saa ngapi, mtoto alisema nini. Wasipokuja, ripoti tena, ukitaja tarehe ya taarifa yako ya kwanza na jina la aliyeipokea.