Kuondoka na Kuondoleka: Vitenzi vya Vitu Vinavyotenganishika

Kauli ya kutendeka hueleza hali au uwezekano. Mwanafunzi wa Wanyange haioni kuwa ngeni, kwani Kiganda nacho kina *menya* na *menyeka*, kama *vunja* na *vunjika*. Ugumu huanzia kwenye vitenzi vya kutengua viishiavyo na *-ua* au *-oa*, ambavyo hutoa maumbo mawili. Tulinganishe:

(a) Mpini wa jembe umechomoka.
(b) Mpini wa jembe unachomoleka.

Katika (a) mpini umetoka wenyewe. Hiyo ni kasoro. Katika (b) mtu anaweza kuuchomoa; hiyo ni sifa. Vivyo hivyo, mvuvi wa Ziwa Viktoria husema injini ya mtumbwi wake *inaondoleka*. Akisema *inaondoka*, tutaelewa kwamba inakwenda zake.

Vitenzi viishiavyo na *-sha* havina utata huo: *hamisha* hutoa *hamishika*, na *rekebisha* hutoa *rekebishika*. Hata hivyo, tusivichanganye na kauli ya kutendwa. *Mali isiyohamishika* ni ardhi na nyumba. *Mali isiyohamishwa* ni ile ambayo hakuna aliyeihamisha, hata kama ni kiti. Katika mkataba, kiambishi hicho kimoja hubadili kinachouzwa.

Tanbihi: Mwalimu aanze na vitu halisi vya darasani kabla ya kutaja kanuni.

Zoezi: Tunga sentensi mbili kwa kila jozi, kisha eleza tofauti ya maana:
1. banduka, bandulika
2. funguka, fungulika
3. rekebishwa, rekebishika