MTEJA AKISEMA "GIA HAZIINGII", MUULIZE KABLA HUJAMUUZIA

Somo la leo ni la sisi tunaouza spea za pikipiki mtandaoni, ila hata muuza simu litamfaa.

Niko Sikonge. Wateja wangu wengi ni bodaboda na warina asali wa Ipole na Kitunda, wenye Boxer na pikipiki za Kichina za zamani. Meseji inaingia: "Dogo, nitumie pedeli ya gia, gia haziingii." Ukituma haraka, mzigo unafika kwa basi, anafunga, tatizo liko palepale. Hela ya mzigo imeenda, siku mbili hajabeba abiria, na jina lako kijiweni limechafuka.

Mwombe video fupi akikanyaga pedeli, kisha uliza haya:

1. Pedeli inazunguka bure? Akaze bolti yake, mara nyingi ni spana namba 10. Ikiteleza bado, aichomoe aangalie meno ya ndani. Yamelika? Hapo muuzie pedeli. Ila kama meno ya shafti ndiyo yamelika, pedeli mpya nayo haitadumu.

2. Gia zinaingia injini ikiwa imezimwa, ikiwaka zinagoma? Mara nyingi klachi haiachii vizuri. Arekebishe waya, mkono wa klachi ucheze kama sentimita 1 hadi 2 kwenye ncha. Nyuzi zimeanza kukatika? Muuzie waya.

3. Pedeli ikikanyagwa hairudi? Mara nyingi ni springi ya shafti, iko ndani ya injini. Fundi afungue kwanza.

4. Gia inaingia halafu inaruka yenyewe? Huenda gia au uma zake zimelika. Usiuze kwa kubahatisha, injini ipasuliwe kwanza.

Na oili amebadili lini? Kwenye pikipiki hizi oili ya injini ndiyo hiyohiyo ya klachi na gia. Ikichakaa, gia zinakuwa nzito.

Utasema, "Sasa akikaza bolti tu, mimi napata nini?" Leo hupati kitu. Ila akitaka cheni au tairi, atakutafuta wewe, na kijiwe kizima kitapata namba yako.

Kazi ya leo: andika maswali matatu ya bidhaa yako inayorudishwa sana, uyahifadhi kwenye majibu ya haraka ya WhatsApp Business. Wewe unauza nini? Weka maswali yako hapo chini tujifunze wote.