Sukari na Mawazo: Kijitabu cha Afya kwa Kaya

Mtu akigundulika ana kisukari, nyumbani husikika kauli mbili. Mmoja husema, "Ni mawazo yale, tangu mumewe afariki." Mwingine humjibu, "Mawazo gani? Ni soda na kukaa tu." Kijitabu hiki kinawahusu wote wawili, kwa sababu kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Anayelaumu mawazo peke yake haoni haja ya kubadili chakula. Anayelaumu chakula peke yake humkaripia mtu ambaye moyo wake umekwisha kuchoka, na karipio halijamsaidia mgonjwa yeyote kuamka akatembee.

Tunazungumzia kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho walicho nacho zaidi ya wagonjwa 9 katika kila 10. Kile cha aina ya kwanza, kinachoanza mara nyingi utotoni au ujanani, hutokana na kinga ya mwili kuishambulia kongosho. Hakiletwi na pipi wala huzuni. Mzazi wa mtoto mwenye kisukari hicho asibebeshwe lawama na mtu yeyote.

Hofu inavyopandisha sukari

Baada ya mlo, kongosho humwaga homoni iitwayo insulini, nayo huisaidia sukari kutoka kwenye damu na kuingia kwenye misuli, ikawa nguvu. Sasa ukutane na mbwa mkali njiani. Papo hapo mwili humwaga homoni ya adrenalini, na nyingine iitwayo kotisoli hufuata. Ini, lenye akiba ya sukari, huifungulia akiba hiyo iingie kwenye damu ili upate nguvu za kukimbia, na kazi ya insulini hupunguzwa kwa muda. Ukishakimbia, misuli imeitumia ile sukari na mwili unatulia.

Marejesho ya mkopo wa riba kubwa, ule uitwao kausha damu, hayakimbiwi hivyo. Mama mwenye deni hilo hulala nalo na kuamka nalo, na kila simu ikiita moyo unampiga. Mwili wake unajiandaa kwa mbio ambazo hazikimbiwi. Hali hiyo ikidumu, kongosho hulazimika kumwaga insulini zaidi na zaidi, huku misuli na ini vikizidi kuwa vizito kuitikia. Kotisoli inayobaki juu kwa muda mrefu huchangia pia mafuta kujikusanya tumboni. Mafuta hayo yanayozunguka ini na utumbo huidhoofisha insulini kuliko yale ya mapajani na makalioni. Ndiyo maana kitambi si dalili ya neema, hata kama bado tunakisifia hivyo.

Mshtuko wa siku moja, basi, haumpi mtu kisukari. Mara nyingi mtu anayesema alikipata msibani alikuwa tayari na sukari iliyopanda kimyakimya kwa miaka, na msiba ukaisukuma ikaonekana.

Sonona

Daktari wa Uingereza Thomas Willis aliandika katika karne ya 17 kwamba kisukari hufuata huzuni ya muda mrefu. Ilipita zaidi ya miaka 300 kabla jambo hilo halijapimwa vizuri. Uchambuzi wa tafiti kadhaa uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili kwa watu wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa, ilikuwa kubwa zaidi kwa takriban asilimia 60 kuliko kwa wasio nayo. Wengi wenye sonona hawatapata kisukari. Lakini hatari hiyo si ndogo kiasi cha kuachwa tu.

Sehemu kubwa ya hatari hupita katika mambo madogo ya kila siku. Aliyevunjika moyo hana hamu ya kuinjika chungu, kwa hiyo anashinda na njaa, kisha usiku anakula chipsi na soda. Hatoki nje. Anavuta sigara, ambayo nayo huongeza hatari ya kisukari. Anakunywa pombe ili apate usingizi, na usingizi wenyewe unakatika katikati ya usiku. Ukimwambia "acha kula ovyo" hujagusa kilichomfikisha hapo.

Muulizeni maswali mawili, kwa upole, mkiwa wawili tu. Katika wiki 2 zilizopita, je, umekuwa ukijisikia huzuni au kukata tamaa? Je, umekosa hamu au raha ya mambo uliyokuwa ukiyapenda? Kama hali imekuwa hivyo kwa siku nyingi, aende kituo cha afya. Wanaume wengi hawatasema "nina huzuni." Watasema mwili umechoka au kichwa kinauma, au hasira zitawapanda kwa jambo dogo. Wasikilizeni hata wakisema hivyo.

Mtu akitaja kujiua, msimkemee na msidhani anatania. Muulizeni waziwazi kama amepanga kufanya hivyo. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Msimwache peke yake, ondoeni dawa za kuulia wadudu na vidonge vilivyorundikana ndani, kisha mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Sonona inatibika, na tiba haianzii lazima kwa daktari bingwa. Huko Harare, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa mtaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza na kuwasaidia kutafuta ufumbuzi wa tatizo moja kwanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa hivyo walipata nafuu zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika pia Zanzibar. Mimi naona hapo kuna funzo kubwa kwetu, ambao bado tuna mashangazi, makungwi na wazee wa mtaa wanaojua kusikiliza, kama tu watafundishwa kutunza siri.

Jambo moja kuhusu dawa: baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, kama olanzapini na klozapini, huweza kuongeza uzito na kupandisha sukari. Msizisimamishe wenyewe hata kidogo. Ombeni mgonjwa apimwe uzito na sukari kila baada ya muda.

Usingizi

Mwaka 1999, watafiti wa Chicago waliwalaza vijana wa kiume wenye afya njema saa 4 tu kila usiku, kwa usiku 6 mfululizo. Miili yao ilianza kuchelewa kuiondoa sukari kwenye damu, nao walikuwa vijana wazima kabisa.

Kwetu wanaokosa usingizi ni mlinzi, dereva wa lori, muuguzi wa zamu, na mama ntilie anayeamka saa 9 usiku kuwasha moto. Siwezi kumwambia mama huyo aache biashara. Ninachoweza kusema ni kwamba kaya nzima ina wajibu wa kuulinda usingizi wake: mwingine aoshe vyombo na kuwalaza watoto, yeye alale mapema. Simu ikae mbali na kitanda. Kahawa na chai ya rangi zisinywewe jioni. Na mtu anayekoroma sana huku akikata pumzi usingizini akamwone daktari, kwa maana tatizo hilo linahusiana na kisukari pia.

Chakula

Anzeni na chupa ya chai. Nyumba nyingi huitia sukari ndani ya chupa, kila mtu akanywa kipimo cha yule anayependa tamu zaidi. Wekeni kopo la sukari pembeni, kila mtu ajitilie. Soda ya chupa ya mililita 300 inakaribia gramu 30 za sukari, yaani vijiko vya chai 7 hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi takriban gramu 50 kwa siku, na ni bora zaidi akibaki chini ya 25. Mgonjwa anayetembelewa hospitalini huletewa juisi za boksi na soda; tunda au mtindi usio na sukari ungemfaa zaidi.

Ugali na wali si adui. Nusu ya sahani iwe mboga, kama mchicha, tembele au kabichi, robo iwe maharage, samaki au dagaa, na robo iwe ugali, wali au ndizi. Dona ni bora kuliko sembe. Mnaokula sinia moja, mboga iongezwe katikati na kila mtu aanzie hapo.

Kutembea

Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapokuwa haifanyi kazi vizuri. Mazoezi hupunguza pia dalili za sonona, ndiyo maana hakuna ushauri mwingine humu unaogusa pande zote mbili kwa bei ndogo hivi. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, watu waliokuwa karibu kupata kisukari walitembea dakika 150 kwa wiki na kulenga kupunguza asilimia 7 ya uzito. Idadi ya waliopata kisukari ilipungua kwa asilimia 58, zaidi ya ilivyopungua kwa waliopewa vidonge vya kisukari vya metformini. Dakika 150 ni dakika 30 kwa siku 5. Aliyevunjika moyo hataanza peke yake. Mfuateni mlangoni.

Kwa aliyekwisha kupata kisukari

Sonona huwapata wenye kisukari mara nyingi zaidi kuliko watu wengine, na mgonjwa akichoka moyo huacha dawa. Msimchunguze kila tonge. Pikeni chungu kimoja kinachowafaa wote, yeye asile cha mgonjwa huku wengine wakila cha sikukuu.

Kupima

Chukueni kamba yenye urefu wa mtu kutoka kisigino hadi utosini, ikunjeni katikati. Kama nusu hiyo haizunguki kiuno chake, aende kupima sukari. Apime pia mwenye mzazi au ndugu mwenye kisukari, mwanamke aliyepandwa na sukari akiwa mjamzito, na yeyote mwenye kiu isiyoisha, mkojo wa mara kwa mara, kukonda bila sababu au vidonda visivyopona. Kabla ya kula asubuhi, kipimo cha 7.0 (mmol/L) au zaidi ni kisukari, na hurudiwa kuthibitisha kama hakuna dalili. Kipimo cha 6.1 hadi 6.9 ni onyo, na hapo bado kuna nafasi ya kurudi nyuma.

Mkifika kituoni huenda mkaulizwa juu ya chakula tu. Mwambieni muuguzi pia kama mtu wenu halali, kama ana deni linalomtesa, kama amefiwa, kama halii tena wala hacheki.