Nadharia na Mbinu katika Utafiti wa Historia: Mfano wa Habari za Kilwa

Mwanafunzi wa uzamili hujifunza mapema kwamba pendekezo la utafiti lisilo na sehemu ya nadharia halipokelewi. Basi huitafuta nadharia, akaiandikia kurasa tatu, akawataja waasisi na mihimili yake, kisha akaifungia humo. Katika sura ya uchanganuzi haionekani tena. Mwandishi wa makala haya aliwahi kutetea pendekezo la namna hiyo, akaulizwa swali moja tu: ukiiondoa nadharia hii, ni sentensi gani ya matokeo yako itakayobadilika? Hakuwa na jibu. Makala haya yanalijibu swali hilo, ijapokuwa kwa kuchelewa, kwa kurejelea matini ambayo sisi wa fasihi twaigawana na wanahistoria.

Habari za asili ya Kilwa zimetufikia kwa njia mbili kuu. Moja ni muhtasari uliomo katika kitabu cha Mreno João de Barros, Décadas da Ásia, kilichoanza kuchapishwa mwaka wa 1552. Nyingine ni matini ya Kiarabu, Kitab al-Sulwa, ambayo Arthur Strong aliichapisha mwaka wa 1895 kutokana na nakala iliyohifadhiwa London. (Wengi wetu tumeisoma katika tafsiri ya Kiingereza, jambo ambalo lenyewe lingestahili makala.) Humo mfalme wa Shiraz na wanawe sita wanasafiri kwa vyombo saba, chombo cha sita chatia nanga Kilwa. Wageni wanakinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Mwenyeji, aliyekwisha kuhamia bara, anaporudi kwa vita, akuta kivuko alichokuwa akikipita maji yakipwa kimechimbwa, wala hakipitiki tena.

Wataalamu wa awali waliisoma habari hii kama ilivyo: Waajemi walikuja, wakajenga mji. Neville Chittick alichimba magofu ya Kilwa na kutoa ripoti yake mwaka wa 1974. Kwa kutegemea sarafu za Ali bin al-Hasan na tabaka za udongo, alidai kwamba nasaba hiyo ya Kishirazi ilianza mwishoni mwa karne ya 12, na kwamba watu wake walitoka pwani ya Somalia. Tarehe hiyo ilikuja kupingwa baada ya sarafu nyingine kufukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka wa 1984. Linalotuhusu hapa ni kwamba mbinu ya Chittick ilikuwa mpya na nzuri, lakini swali lake lilikuwa lile lile la kale: wageni walifika lini? Jembe la akiolojia liliibadilisha tarehe tu. Dhana kwamba mji huletwa kutoka nje haikuguswa, kwa kuwa haikuwa imetajwa kama nadharia.

Tukigeukia uamilifu, hasa hoja ya Malinowski kwamba kisasili ni hati ya kuhalalisha mamlaka, maswali yanabadilika. Nguo zinakuwa ushahidi wa mauzo, na mfereji unakuwa mpaka. Hapo mtafiti hana budi kuuliza hati hii iliandikwa lini, na kwa haja gani. Mwandishi wa Kitab al-Sulwa asema alizaliwa mwaka wa 904 wa Hijra, yaani 1499. Alikuwa mtoto mdogo Wareno walipouteka mji mwaka wa 1505 na kumtawaza mtu asiyekuwa wa ukoo wa kifalme. Aliandika, basi, wakati uhalali wa nasaba ulikuwa umetiwa doa. Sentensi yangu ya zamani ilisema kwamba kisa cha nguo chaonyesha biashara ya Kilwa. Ile mpya yasema kwamba kisa hicho chadai haki ya kutawala mbele ya watu waliokuwa wamenyang'anywa.

Uamilifu nao una hatari yake. Ukiuachia peke yake, kila jambo katika masimulizi hugeuka kuwa dai, na hakuna lililowahi kutokea. Ndipo mbinu ya Jan Vansina, iliyotangazwa mwaka wa 1961, inapofaa: linganisha matoleo, utazame yanapoachana. De Barros asema mama wa mwasisi alikuwa mtumwa wa Kihabeshi, na kwamba ndugu zake walimdharau kwa sababu hiyo. Katika matini ya Kiarabu mama huyo hayumo. Kwa miaka mingi wanafasihi tulilipita jambo hili tukisema Ushirazi ni sitiari tu.

Mwaka wa 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani na mmoja wa bara. Katika wengi wao, zaidi ya nusu ya asili yao ilitokana na Waafrika, hasa kwa upande wa kikeni; asili ya Kiasia ilitoka kwa wanaume, wengi wao wa Uajemi, na michanganyiko ilianza yapata mwaka wa 1000. Kuna waliofurahi kwamba masimulizi yamethibitishwa. Walifanya haraka. Vinasaba hueleza nani alizaa na nani. Havielezi nani alianzisha mji. Huko Shanga, Mark Horton alikuta misikiti ya miti ya karne ya 8 chini ya ile ya mawe. Nao Nurse na Spear walikwisha kuonyesha mwaka wa 1985 kwamba Kiswahili ni ndugu wa Kipokomo na Kimijikenda. Hata hivyo, sisi tuliosema Ushirazi ni sitiari tupu tumekosea pia, na yafaa tukiri.

Katika pendekezo langu jipya sehemu ya nadharia ina ukurasa mmoja na nusu. Swali la mama Mhabeshi limehamia sura ya uchanganuzi, na bado sijalimaliza: nani alimwondoa, au nani alimtia?