Mkanju Kwanza, Mchu Baadaye

Masika yamekatika, na katika mashamba ya Jego mikanju inatoa majani machanga mekundu. Nyuma ya majani hayo huja maua. Mkulima wa korosho bado ana miezi ya kungoja. Jirani yake aliyetundika mizinga hana muda huo: wiki hizi chache ndizo zitakazoamua kama mwaka huu atarina asali au atabaki na masanduku ya mijusi.

Jego iko katika ukanda wa Vanga, kusini kabisa mwa Kaunti ya Kwale, karibu na mpaka wa Tanzania. Upande wa bara kuna minazi, miembe, mikanju, mahindi na muhogo. Upande wa bahari, kuelekea Vanga na Jimbo, kuna mikoko. Nyuki mtenda kazi huruka kilomita 2 au 3 kutafuta chakula na kurudi bila taabu, hivyo mzinga uliowekwa kati ya shamba na mikoko umeandaliwa meza mbili. Ya kwanza ni ya mikanju na miembe, ambayo huchanua baada ya masika, kuanzia Julai hivi na kuendelea wakati kusi bado inavuma. Ya pili ni ya mchu, ambao maua yake huja na joto la kaskazi na matunda yake hudondoka masika yanaporudi. Mnazi hujazia katikati, maana hautoi kisogo mwezi wowote: kila kole jipya lina chavua. Mfugaji wa Kinango, huko bara kwenye ukame, angeitamani ratiba hii.

Mikoko ya Vanga haina uhaba wa watu wanaoiangalia. Vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu vina chama cha jamii cha misitu kiitwacho VAJIKI, na kupitia mradi wa Vanga Blue Forest vinalinda hekta 460 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa. Wazo hilo lilianzia Gazi, ambako Mikoko Pamoja ilianza mwaka 2013 na kushinda Tuzo ya Ikweta mwaka 2017. Fedha za hewa ya ukaa hujenga shule na kuleta maji, lakini haziingii mfukoni mwa mtu mmoja mmoja. Asali huingia. Ndiyo maana ufugaji wa nyuki hutajwa kila mahali watu wanapotafuta njia ya kula na mkoko bila kuukata.

Kuna jambo la sheria hapa ambalo vikundi vingine hulipuuza. Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu tangazo la mwaka 1932. Huwezi kuingia na mizinga 20 ukaitundika kwa sababu babu yako alivua kaa hapo. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inaruhusu chama cha jamii kupewa haki ya matumizi, na kuvuna asali kumetajwa humo waziwazi. Kikundi kipite kwa chama, na chama kipite kwa Huduma ya Misitu. Karatasi ya haki hiyo ni kinga siku mtu mwingine atakapodai mti ni wake.

Sasa mizinga yenyewe. Aliyezunguka vijiji vya pwani ameiona hali hii: mizinga ya kisasa iliyopakwa rangi, yenye jina la mfadhili ubavuni, imetundikwa kwa sherehe na picha zikapigwa. Miaka miwili baadaye nusu yake haina nyuki. Lawama hubebeshwa ukame, dawa za jirani, hata kijicho. Mara nyingi sababu ni ndogo zaidi: mzinga ulitundikwa majira ambayo makundi hayahami, haukupakwa nta, na hakuna aliyerudi kuutazama. Kikundi chenye mizinga 10 ambayo 3 tu ina nyuki hakistahili kuandika barua ya kuomba 20 mingine. Kianze na ile 7.

Nyuki wa pwani, ambaye wataalamu humwita litorea, ni mdogo kuliko ndugu zake wa bara na ni mwepesi wa kuhama. Chakula kikiongezeka kundi hukua, malkia wapya hulelewa, na sehemu ya kundi hutoka kutafuta nyumba. Nyumba hiyo inapaswa kuwa tayari kabla maua hayajafunguka. Mzinga wa Kenya wenye fito za juu, uliobuniwa miaka ya 1970 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Guelph cha Kanada, unahitaji fito zenye upana wa milimita 32. Seremala akizichonga kwa kukisia, nyuki watajenga masega yakivuka fito mbili au tatu, na siku ya kurina kila kitu kitavunjika pamoja. Bora fundi apewe kipimo mkononi kuliko kuelezwa kwa mdomo.

Mzinga wa mwaka jana uondolewe masega makuukuu meusi, buibui watolewe, na nta safi ipakwe katikati ya kila fito kama mstari. Majani ya mchaichai yaliyopondwa na kusuguliwa mlangoni husaidia, kwa kuwa harufu yake inakaribia ile ambayo nyuki huitumia kuitana. Zaidi ya hapo hakuna uganga.

Adui wa kwanza wa mzinga wa Jego si nyegere, ingawa nyegere ana sifa zake. Ni majimoto. Chungu hawa wekundu wanaoshona majani hupenda mikanju na miembe, na mkulima wa korosho ana sababu ya kuwavumilia, maana huwafukuza wadudu wanaonyonya korosho changa na nazi changa. Lakini wakiupata mzinga wenye kundi dogo hawaachi kitu. Kuutundika mzinga kwenye mkanju uliojaa majimoto ni kuwakabidhi nyuki kwa wenye nyumba. Suluhisho ni nguzo mbili imara mahali pa wazi kidogo, mzinga uning'inie kwa waya kimo cha kiuno, na waya upakwe grisi au oili chafu chini ya kifuniko kidogo cha bati ili mvua isiioshe. Tawi lolote linalogusa mzinga likatwe, na nyasi chini yake zifyekwe. Majimoto hushikana miili na kutengeneza daraja, kwa hiyo nafasi ya kidole kimoja haitoshi.

Joto nalo si la kudharau. Nyuki hulinda sehemu ya watoto ibaki kwenye nyuzijoto 34 au 35. Bati la paa la mzinga likipigwa na jua la saa nane mchana, nusu ya kundi huacha kazi ya maua na kuanza kupepea, na sega jipya lililojaa asali hulegea na kuanguka. Makuti mawili matatu juu ya bati huondoa tatizo hilo, na hakuna mtu Jego anayeweza kusema hana makuti.

Kisha maji. Ukingoni mwa mikoko maji yamejaa, lakini ni ya chumvi, na nyuki huishia kusumbua watu kisimani au kwenye mtungi wa chai. Beseni la maji matamu lenye makumbi ya nazi yanayoelea, ili watue bila kuzama, liwekwe umbali wa hatua kadhaa kutoka mizinga. Makumbi hayo hayo yakikauka ndiyo kuni nzuri za bomba la moshi la kurinia: huwaka polepole, na moshi wake ni mwingi na wa ubaridi.

Linaloumiza zaidi msimu huu ni dawa. Mkanju unapochanua ndipo ubwiri unga unaposhambulia maua, na ndipo mbu wa mikorosho anaponyonya vikonyo vichanga. Mkulima ana haki ya kuokoa korosho zake. Salfa ya ubwiri unga haina ukali kwa nyuki kama sumu ya wadudu. Hatari kubwa ni sumu ya wadudu kupulizwa asubuhi, maua yakiwa wazi na nyuki wakiwa kazini. Wale wanaofika mzingani hufia mlangoni, na chavua waliyobeba huwaua watoto ndani. Ni hasara ya kujitakia, kwa sababu ua la mkanju lenyewe linahitaji wadudu wa kulichavusha ili lizae korosho.

Makubaliano ya majirani hapa yana nguvu kuliko tangazo lolote. Mwenye mizinga aende kwa mwenye mikanju kabla ya Agosti, wakubaliane kuwa sumu ya wadudu itapulizwa jua likizama, nyuki wakisharudi, tena pale tu wadudu wanapoonekana, si kwa mazoea. Siku ya kupuliza mwenye mizinga apewe habari. Anaweza kufunga milango ya mizinga kwa wavu usiku huo na kuifungua kesho yake jua linapopanda; asiizibe kabisa wala asiache imefungwa kutwa nzima, watakufa kwa joto. Chupa moja ya asali ikitumwa kwa jirani mwisho wa msimu, mwakani mazungumzo yatakuwa mafupi.

Kuna pia dawa isiyo na kazi, ile ya kuweka ndani ya mzinga. Utitiri wa varoa uligunduliwa Kenya mwaka 2009 na baadhi ya wafugaji wameshawishiwa kununua dawa za kuuangamiza. Nyuki wetu wameonyesha kuwa wanaweza kuishi nao. Nondo wa nta na mende wadogo wa mizinga ni dalili ya kundi dhaifu. Kundi likiwa na nguvu huwatoa lenyewe.

Mikanju ikimaliza, mfugaji asikimbilie kurina kila sega. Hapa ndipo wengi huvunja mwaka wao. Kati ya maua ya mashamba na maua ya mchu kuna vuli, na baada ya mchu kuna masika marefu ambayo nyuki wanaweza kukaa ndani siku kwa siku. Katika mzinga wa fito, masega yenye watoto hayaguswi kabisa, na angalau fito 6 hadi 8 za upande wa mlango ziachwe zilivyo. Kundi likikombwa litahama, na linapohama haliagi.

Kwa mizinga ya mikokoni, kipimo cha kwanza ni bamvua. Maji ya bamvua yaachiwe nafasi ya kutosha chini ya mzinga, na anayekwenda kuukagua apange siku kwa maji, si kwa kalenda ya ukutani. Mchu hukua pembe zote mbili za msitu, ile ya nchi kavu na ile ya baharini. Wa nchi kavu ndio unaofaa: mtu hufika kwa miguu, na shamba liko nyuma yake. Mkoko wenyewe, wenye mizizi ya matao, hutegemea zaidi upepo kuchavushwa, na mlilana hufungua maua yake usiku kwa popo. Anayeona msitu mpana wa mikoko na kudhani wote ni asali amehesabu vibaya, ahesabu michu.

Kurina ni kazi ya jioni, watu wawili au watatu, mavazi kamili, na watoto wakiwa mbali. Anayedhani tahadhari hii ni ya kupita kiasi akumbuke Tanga, mwendo mfupi tu kusini mwa Vanga. Novemba 1914 jeshi la Waingereza lilishuka huko kupigana na Wajerumani, na risasi zikawachokoza nyuki waliokuwa kwenye miti. Askari wa pande zote mbili walitimuliwa, na baadhi ya Waingereza walirudi wakiamini kuwa adui aliwafundisha nyuki vita. Hakuna aliyewafundisha.

Sega lililo tayari lina kifuniko cheupe cha nta kwenye robo tatu ya vyumba vyake au zaidi. Lisilofunikwa lina maji mengi, na hewa ya pwani haitalikausha. Asali hunyonya unyevu, ikaanza kuumuka ndani ya chupa na kutoa povu. Kikomo kinachotumika kimataifa ni asilimia 20 ya maji. Kikundi kikichanga fedha za kifaa cha kupimia unyevu, kifaa hicho kitajilipa haraka, hasa kama wanunuzi ni hoteli za Diani, ambazo mteja wao akiona povu mara moja hanunui tena. Asali ichujwe kwa kitambaa safi bila kuchemshwa. Moto huifanya nyeusi na kuiondolea harufu, na mnunuzi anayejua asali hunusa kabla ya kuonja. Ya mikanju na ya mchu ziwekwe kwenye ndoo mbalimbali, kila ndoo na tarehe yake: rangi na ladha hazifanani, na asali yenye asili inayojulikana huuzwa kwa bei tofauti na ile ya chupa ya soda kando ya barabara ya Lunga Lunga.

Masega yaliyokamuliwa nayo yasitupwe. Yayeyushwe katika maji ya moto, yachujwe kwa gunia, na nta ikigandia juu ikatwe vipande. Kiasi fulani kiwekwe kwa ajili ya fito za Julai ijayo. Kilichobaki kina wanunuzi, kuanzia watengeneza mishumaa na sabuni hadi mafundi wa viatu. Kikundi ambacho bado hakijajua pa kupeleka sampuli au kupata mafunzo kianzie kwa afisa wa mifugo wa wadi. Yeye ndiye anayeweza kukiunganisha na Taasisi ya Taifa ya Ufugaji Nyuki iliyoko Lenana, Nairobi, na safari hiyo inafaa kufanywa mwezi huu, kabla mikanju haijamwaga maua na kila mtu akawa na kazi shambani.